Baba, Mtoto na Mto Ruvuma

Muhula uliopita niliwaonyesha wanafunzi wangu filamu ya Kiitaliano iitwayo La vita è bella, maana yake "Maisha ni Mazuri". Semina yetu ilihusu vita na hatima ya raia, nami nilikuwa nimechoka kuwaona wakinakili idadi ya waliokufa bila hata kuinua macho. Nilidhani filamu ingewaamsha, na kweli iliwaamsha. Taa zilipowashwa baadhi yao walikuwa wakifuta machozi, na kabla sijasema neno msichana mmoja wa mwaka wa pili aliinua mkono akauliza: "Mwalimu, yule baba alikuwa na haki ya kumdanganya mwanawe hadi dakika ya mwisho?"

Mjadala ukachukua karibu saa nzima. Wapo waliosema uongo ni uongo tu, na kwamba mtoto naye ni binadamu mwenye haki ya kujua yanayomkabili. Wapo waliosema mzazi hana wajibu mkubwa kuliko kuulinda moyo wa mwanawe, na kwamba ukweli usio na faida kwa mtoto ni ukatili. Mwishowe wote wakanigeukia mimi. Nikawaambia tutaendelea wiki ijayo, nikakusanya karatasi zangu nikatoka.

Sababu ya kutojibu ni kwamba wakati huo sikuwa nikimfikiria tena yule baba wa kwenye filamu. Nilikuwa nikimfikiria mjomba wangu, akiwa amelala kitandani katika Hospitali ya Mkomaindo, Masasi, redio ndogo ikiwa ubavuni mwake. Makala haya ni jibu langu kwa mwanafunzi yule, ingawa limechelewa.

Kwa msomaji ambaye hajaiona filamu yenyewe, nieleze kwa ufupi. Ilitoka mwaka 1997, ikiongozwa na Roberto Benigni ambaye pia ndiye mwigizaji mkuu. Mwaka 1999 ilipata tuzo tatu za Oscar, ikiwamo ya mwigizaji bora wa kiume. Benigni anaigiza kama Guido, Myahudi mcheshi anayefika katika mji wa Arezzo mwishoni mwa miaka ya 1930. Anahudumu hotelini, anampenda mwalimu aitwaye Dora, anamwoa, anafungua duka la vitabu, na wanapata mtoto wa kiume, Giosuè. Nusu ya kwanza ya filamu ni vichekesho, lakini kila kichekesho kina kivuli nyuma yake. Siku moja mtoto anaona katika duka tangazo linalowakataza Wayahudi na mbwa kuingia, anamwuliza baba yake sababu. Guido anamjibu kwamba kila mwenye duka hukataza asichokipenda, na kwamba wao nao kesho watabandika tangazo la kuwakataza buibui na Wavisigothi.

Kisha wanakamatwa. Guido, mtoto na Eliseo, mjomba wake Guido, wanapakiwa katika treni. Dora si Myahudi, lakini anadai naye apandishwe ili asitengane na familia yake. Kambini, askari wa Kijerumani anaingia bwenini kutangaza masharti. Guido hajui Kijerumani, lakini anajitolea kutafsiri, na anachowatangazia wafungwa ni kanuni za mchezo alioubuni papo hapo: atakayefikisha alama elfu moja atashinda kifaru cha kweli, atakayelia, atakayemtaka mama yake au atakayeomba chakula atapoteza alama. Mtoto anaamini. Mzee Eliseo anapelekwa kwenye chumba cha gesi. Watoto wengine wanaitwa kuoga na hawarudi; Giosuè anasalimika kwa sababu tu anachukia kuoga. Usiku wa mwisho, Wajerumani wakijiandaa kukimbia, Guido anamficha mwanawe ndani ya kabati la chuma uani na kumwambia asitoke mpaka pasiwe na mtu yeyote. Anakamatwa akimtafuta mkewe. Anapopitishwa mbele ya kabati lile kwa mtutu wa bunduki, anajua mtoto anachungulia, hivyo anamkonyeza na kutembea kwa mwendo wa askari wa kuchekesha. Wanakata kona, tunasikia risasi. Asubuhi kifaru cha Wamarekani kinaingia kambini, na mtoto anaamini ameshinda mchezo.

Filamu hii ilikosolewa, na baadhi ya waliokosoa walikuwa na hoja nzito. Ili kuzielewa hatuna budi kurudi katika historia yenyewe. Novemba 1938 ni mwezi unaostahili kukumbukwa. Usiku wa tarehe 9 kuamkia 10, kote Ujerumani masinagogi yalichomwa moto na maduka ya Wayahudi yakavunjwa. Tarehe 12, katika kijiji cha Lupaso, Masasi, alizaliwa Benjamin Mkapa, Rais wetu wa tatu wa baadaye. Tarehe 17, serikali ya Mussolini ilitoa amri iliyowaondoa Wayahudi wa Italia katika utumishi wa umma na kuwakataza kuoana na Waitaliano wengine. Watoto wao walikuwa wamekwisha kufukuzwa shuleni. Naziweka tarehe hizi pamoja kwa makusudi, maana wanafunzi wangu hudhani mambo hayo ni ya kale kama habari za Firauni. Umri wa mambo hayo ni umri wa mzee tuliyemzika Lupaso mwaka 2020.

Jeshi la Ujerumani lilipoikalia Italia mwezi Septemba 1943, amri za karatasini zikageuka treni. Tarehe 16 Oktoba mwaka huo, katika msako mmoja mjini Roma, walikamatwa Wayahudi zaidi ya 1,000 wakapelekwa Auschwitz. Miongoni mwao walikuwamo watoto zaidi ya 200. Waliorudi ni watu 16, wala hakuna mtoto hata mmoja aliyerudi. Katika Ulaya nzima waliangamizwa Wayahudi wapatao milioni sita, na karibu milioni moja na nusu kati yao walikuwa watoto. Ndiyo maana wakosoaji walisema kwamba mtoto wa umri wa Giosuè, akifika kambi ya namna ile, hakupata nafasi ya kufichwa bwenini wiki baada ya wiki. Kwa kawaida aliuawa siku ileile aliyofika.

Wakosoaji hao wana haki katika historia. Benigni naye hakudai kutoa ushahidi wa mahakamani. Filamu yake inajitambulisha tangu mwanzo kuwa ni hekaya. Tena si mtu aliyeokota habari hizi njiani. Baba yake mzazi, Luigi Benigni, alifungwa katika kambi ya Wajerumani wakati wa vita hivyo, na aliporudi aliwasimulia wanawe mateso yake kwa mzaha ili asiwatie hofu. Mchezo wa Guido una asili yake katika nyumba ya kweli.

Lakini ukosoaji ule unatufundisha jambo ambalo machozi yetu huweza kulifunika. Mchezo haukuwa mbinu ya kumwokoa mtoto. Katika hali halisi usingemwokoa. Ulikuwa kitu pekee kilichosalia mkononi mwa baba aliyekwisha kunyang'anywa duka, nyumba, mke, jina na uraia. Sisi watazamaji tunatoka ukumbini tukisifu upendo wa baba, nao unastahili sifa. Swali tunaloliacha ukumbini ni hili: ni nani waliomfikisha mahali ambapo hakubakiwa na kitu cha kumpa mwanawe isipokuwa uongo?

Jibu la haraka ni Wanazi na Wafashisti, na ni jibu sahihi. Hata hivyo halitoshi, kwa sababu kati ya amri za 1938 na treni za 1943 ilipita miaka mitano, na kwa Wayahudi wa Ujerumani mateso yalikuwa yameanza mapema zaidi. Wengi walijaribu kutoka. Julai 1938 wajumbe wa nchi 32 walikutana Evian, Ufaransa, kuzungumzia wakimbizi wa Kiyahudi. Mmoja baada ya mwingine alisimama akaeleza masikitiko yake, kisha akaeleza kwa nini nchi yake haina nafasi. Mei 1939 meli St. Louis iliondoka Hamburg ikiwa na abiria zaidi ya 900, karibu wote Wayahudi. Kuba iliwakataa karibu wote, Marekani ikawakataa, Kanada nayo ikawakataa. Meli ikarudi Ulaya, na abiria 254 kati ya wale waliorudishwa wakaja kuuawa. Hakuna aliyewapiga risasi pale bandarini. Waliambiwa tu, kwa lugha ya kiofisi, kwamba utaratibu hauruhusu.

Wapo waliopata mlango. Mmoja wao alifika kwetu Afrika Mashariki, na habari zake nazo zimetengenezewa filamu. Stefanie Zweig alizaliwa Ujerumani mwaka 1932. Baba yake alikuwa wakili, na alipoona sheria za Wanazi zimemfungia kazi alitangulia Kenya kutafuta mahali pa kuishi. Mkewe na binti yao mdogo wakamfuata mwaka 1938. Wakili yule hakupewa uwakili Kenya. Alisimamia shamba la mtu mwingine. Vita vilipoanza mwaka 1939, Waingereza walimweka kizuizini kama Mjerumani, yaani adui, ingawa alikuwa amewakimbia Wajerumani haohao. Ulikuwa mlango mwembamba, uliofunguliwa kwa masharti na kwa manung'uniko. Lakini ulikuwa mlango. Mtoto akakua, akajifunza Kiswahili, akalelewa kwa sehemu kubwa na mpishi wa Kiluo aitwaye Owuor, na mwaka 1947 akarudi Ujerumani akiwa hai. Baadaye akaandika riwaya kuhusu maisha hayo, na filamu iliyotokana nayo, Nirgendwo in Afrika ya mwaka 2001, ikapata Oscar ya filamu bora ya lugha ya kigeni mwaka 2003.

Ziweke filamu hizi mbili pamoja, ndugu msomaji. Baba wa kwanza na baba wa pili wanawapenda watoto wao kwa kiwang'o kilekile. Katika filamu ya pili baba hana ucheshi wa Guido hata kidogo. Ni mtu wa hasira, anayegombana na mkewe, anayeonea haya umaskini wake. Akili na uchangamfu ni vya Guido. Lakini binti wa yule mwenye hasira hahitaji kudanganywa kwamba njaa ni mchezo. Tofauti kati yao imetokana na mpaka mmoja kufunguka na mwingine kufungwa.

Hapa ndipo ninapofika nyumbani.

Ukisimama Newala, pale panapoitwa Shimo la Mungu, uwanda wa Makonde unakatika ghafla mbele ya miguu yako. Chini kabisa kuna bonde, na katika bonde kuna mto Ruvuma. Ng'ambo yake ni Msumbiji, ambako ardhi inainuka tena hadi uwanda mwingine wa Makonde, ule wa Mueda. Watu wa uwanda huu na wa ule ni ndugu, na lugha yao wanaelewana. Mpaka uliopita katikati yao ulichorwa na Wajerumani na Wareno.

Tarehe 25 Septemba 1964, FRELIMO, chama kilichoundwa Dar es Salaam miaka miwili kabla, kilianza vita vya kuikomboa Msumbiji. Kisasi cha Wareno kiliviangukia vijiji, na watu wakaanza kuvuka mto kwa maelfu. Miongoni mwao alikuwamo mtoto wa miaka kama sita na baba yake. Mtoto huyo ndiye mjomba wangu.

Alinisimulia habari hizo mwezi Aprili 2021, nilipokuwa nikimwuguza Mkomaindo. Nilikuwa nimezisikia vipande vipande tangu utotoni, lakini safari hii alizisimulia kwa mpangilio, kama mtu anayekabidhi hesabu. Baba yake alimwamsha usiku akamwambia wanakwenda kurina asali. Alimwambia kwamba nyuki wa huko wana masikio makali kuliko nyuki wote. Mtu akisema, akilia au akikohoa, wanahama na asali yao. Atakayenyamaza hadi mwisho atapewa sega zima peke yake. Walitembea usiku, mchana wakalala vichakani. Mara moja walisikia watu wakipita karibu sana, na baba akamwekea kidole midomoni huku akitabasamu, kana kwamba nyuki wamekaribia. Mtoni alimbeba mabegani, maji yakamfika baba kifuani. Alimwambia mto una mwenyewe na mwenyewe amelala.

Walipoupanda mteremko na kufika juu, nyumba ya kwanza waliyoikuta ilikuwa ya bibi yangu, mzaa mama. Wanaoujua uwanda wa Makonde wanajua maana ya maji kule. Mvua ikinyesha maji huzama mchangani, na chemchemi ziko chini bondeni. Kwa vizazi vingi wanawake waliteremka na kupanda kwa saa kadhaa ili kupata mtungi mmoja. Bibi alikuwa amerudi kutoka bondeni. Mjomba anakumbuka kwamba aliutua mtungi, akawatazama, na kabla ya kuuliza jina la mtu akawapa maji wakanywa mpaka wakatosheka.

Baba yule alilala usiku mmoja. Alfajiri akaondoka kurudi ng'ambo kumchukua mkewe na mtoto mchanga. Hakuonekana tena, wala wao hawakuonekana.

"Sasa sikiliza, mpwa wangu," mjomba aliniambia. "Asubuhi ile niliamka nikadai sega langu. Bibi yako akaniketisha, akaniambia: 'Hakuna asali, mwanangu. Mlikuwa mnakimbia vita. Baba yako amemfuata mama yako. Huenda akarudi, huenda asirudi. Hapa ni kwenu.' Nililia siku nyingi. Lakini sijawahi kudanganywa tena katika nyumba ile."

Bibi hakuwa na cheo, wala hakuwahi kusikia habari ya mkataba wowote wa kimataifa. Alifuata alichokijua: kwetu Wamakonde, kama ilivyo kwa Wamakua na Wayao majirani zetu, mtoto ni wa ukoo wa mama, na mwenye neno juu yake ni mjomba. Ulinzi wa mtoto haukuachwa mabegani mwa mwanamume mmoja hata baba awe shujaa kiasi gani. Basi yule mtoto wa mgeni akafanywa kaka wa mama yangu, na kwa hiyo akawa mjomba wangu kwa haki zote na mizigo yote. Ada yangu ya sekondari ililipwa kwa korosho zake. Mhadhiri anayeandika makala haya amesomeshwa na mkimbizi.

Wala bibi hakuwa peke yake. Katika miaka ile kumi ya vita, maelfu kwa maelfu walipokewa, wengine wakapangiwa makazi kama ya Rutamba kule Lindi. Wapiganaji walifunzwa Nachingwea, majeruhi walitibiwa Mtwara, watoto wakasomeshwa Tunduru na Bagamoyo. Gharama haikuwa ndogo. Wareno walitega mabomu ardhini upande wetu wa mto, na wanavijiji wa Tanzania waliuawa na kulemazwa kwa kosa la kuwa wenyeji wa wageni. Nchi ilikuwa maskini kuliko leo na adui alikuwa na ndege, lakini Mwalimu Nyerere hakuufunga mpaka. Mwaka 1983 alitunukiwa Tuzo ya Nansen, inayotolewa na Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi. Naamini sehemu ya tuzo ile ni mali ya wanawake wenye mitungi.

Sasa nirudi kwenye redio iliyokuwa ubavuni mwa mjomba. Vita vipya vilikuwa vimeanza Cabo Delgado tangu Oktoba 2017, na tarehe 24 Machi 2021 wapiganaji waliuvamia mji wa Palma, kusini kidogo mwa Ruvuma. Redio ilieleza kwamba watu wanakimbilia mtoni, na kwamba baadhi ya waliovuka kuingia Tanzania wanarudishwa. Mjomba akaipunguza sauti. Akaniuliza, bila hasira: "Ningevuka leo na baba yangu, wangenirudisha?"

Mimi ndiye msomi wa familia. Nilikaa kimya.

Mwezi Julai mwaka huo shirika lilelile lililomtunuku Mwalimu lilitangaza kwamba tangu Januari watu zaidi ya 9,600 walikuwa wamerudishwa kwa nguvu kutoka Tanzania hadi kaskazini mwa Msumbiji kupitia kituo cha mpaka cha Negomano. Negomano ni ng'ambo ya pili ya Daraja la Umoja. Jiwe la msingi la daraja hilo liliwekwa mwaka 2005 na Rais Mkapa, mwana wa Masasi, pamoja na Rais Guebuza, na lilifunguliwa mwaka 2010. Lina urefu wa mita 720. Tulilijenga ili ndugu wasilazimike tena kuvuka kwa mabega ya baba zao.

Najua hoja ya upande wa pili, na sitaki kuipuuza, hasa kwa kuwa baadhi ya wasomaji wangu ni watumishi wa umma waliobeba wajibu huo. Mwezi Oktoba 2020 wapiganaji walivuka mto wakakishambulia kijiji cha Kitaya, mkoani Mtwara; Watanzania waliuawa na nyumba zikachomwa. Serikali ina wajibu wa kuwalinda watu wa Kitaya kabla ya mtu mwingine yeyote. Anayevuka usiku huenda ni mkimbizi, huenda ni muuaji, na askari aliye kwenye mteremko hawezi kuwatofautisha kwa kuwatazama usoni.

Lakini hoja hiyo inadai uchunguzi. Kumrudisha kila mtu si uchunguzi. Mwaka 1964 nako kulikuwa na majasusi wa Wareno. Watu walihojiwa, waliotiliwa shaka wakashikiliwa, na watoto wakapewa maji. Mkataba wa Wakimbizi wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wa mwaka 1969, ambao Tanzania ni mwanachama wake, unakataza kumzuia mpakani au kumrudisha mtu mahali ambapo uhai wake uko hatarini. Mkataba ule haukuandikwa na Wazungu ili kutusumbua. Uliandikwa na kizazi kilichojua kwa nini mtoto hufundishwa habari za nyuki wenye masikio makali.

Basi nimjibu mwanafunzi wangu. Uliuliza kama Guido alikuwa na haki ya kumdanganya mwanawe. Ndiyo, alikuwa nayo, na baba yake mjomba alikuwa nayo pia. Mtu aliyezungukwa pande zote ana haki ya kuutumia uongo kama blanketi la mwisho. Lakini swali lako linamweka kizimbani mtu asiyestahili kuwapo pale. Kila mara baba anapolazimika kumwambia mwanawe kwamba hofu ni mchezo, wa kuhojiwa kwanza ni wale wanaomtesa, na wa pili ni majirani wanaoweza kufungua mlango na hawafungui. Wajumbe wa Evian walikuwa watu waungwana, wengi wao bila shaka baba wa watoto wanaowapenda.

Mjomba alipata nafuu, akarudi kwenye mikorosho yake. Siku ya kumtoa hospitalini nilimwuliza kama amewahi kumlaumu baba yake kwa ule uongo wa asali. Alifikiri kidogo.

"Upande ule wa mto hakuwa na kitu kingine cha kunipa," alisema. "Upande huu nilipewa ukweli, kwa sababu palikuwa na mtu wa kunishika nilipokuwa nikilia."

Baadhi yenu mnaosoma makala haya mtamaliza masomo, mtaajiriwa, na siku moja mtakaa nyuma ya meza katika kituo cha mpaka, au wizarani ambako maagizo ya mpakani huandikwa. Atakuja mbele yenu baba aliyelowa maji hadi kifuani, akiwa na mtoto aliyenyamaza kuliko kawaida. Mhojini baba kadiri sheria inavyowataka. Lakini mpeni mtoto maji kwanza.